Kiungani: Sala, Vitabu na Karakana

Mwaka 1864 Sultani Majid bin Said alimkabidhi Askofu William Tozer watoto watano wa kiume waliotolewa ndani ya jahazi la watumwa lililokamatwa. Askofu alikuwa amefika Unguja mwaka huohuo, hana kanisa wala waumini. Watoto hao wakawa shule yake, na shule hiyo ikakua hadi kuwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kando ya bahari kusini mwa Mji Mkongwe.

Misheni iliyomtuma Tozer, UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), ilizaliwa vyuoni. Desemba 1857 mmisionari na mvumbuzi David Livingstone alihutubia Cambridge, na wasomi wa huko na wa Oxford, kisha Durham na Dublin, wakaitikia wito wake. Safari yao ya kwanza iliishia pabaya huko Magomero, katika Malawi ya leo, ambako homa na njaa viliua watu wengi. Askofu Mackenzie, aliyeiongoza safari hiyo, mwenyewe alifariki mwaka 1862. Ndiyo sababu Tozer, aliyeshika nafasi yake, akageukia Unguja. Nia ilikuwa kuwalea vijana wa Kiafrika wawe walimu na mapadri, kisha warudi bara kuifanya kazi iliyowashinda wageni.

Wengi wa vijana hao hawakuchagua kuja Kiungani. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, waliotekwa wangali wadogo na kutenganishwa na wazazi wao. Mtu anayezungumzia wito wa mwanafunzi wa Kikristo lazima aanzie hapo: kwa mtoto wa Kiungani, imani, darasa na kazi vilikuwa pia njia ya kupata ukoo mpya baada ya ule wa damu kupotea. Mwaka 1887 mwalimu wao, A. C. Madan, alichapisha kitabu cha masimulizi ya wanafunzi kuhusu vita, kutekwa na safari za kuletwa pwani. Ni ushahidi mzito, na thamani yake kubwa ni kwamba vijana walijieleza wenyewe.

Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Edward Steere, aliyesomea sheria kabla ya kuwa padri na hatimaye askofu, alijifunza lugha hiyo kwa wenyeji, wakiwemo Waislamu wa mjini waliomsimulia hadithi. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi na mkusanyo wa hadithi za Waswahili. Tafsiri zake za Biblia zilipita katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, ambamo wanafunzi walifanya kazi.

Kazi hiyo ya uchapaji yafaa kuangaliwa kwa karibu. Mpangaji wa chapa aliokota herufi za risasi mojamoja, zote zimegeuzwa kama zionekanavyo kiooni, akazipanga mstari kwa mstari hadi ukurasa utimie. Herufi ilipokosewa, neno la Injili liliharibika. Kijana aliyepanga sura ya Mathayo kwa namna hiyo alikuwa akisoma, akifanya ufundi na kuishika dini yake kwa mkupuo mmoja, wala hakuhitaji somo la kumweleza vinahusianaje.

Kutokana na uchapaji huo likazaliwa gazeti la Msimulizi mwaka 1888. Waliosoma Kiungani na kupelekwa Magila, Newala au Nyasa walituma habari za vituo vyao, nao wenzao wa Unguja wakazichapa. Wanahistoria wa uandishi wa habari wanalitaja miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili, na lilistahili kukumbukwa zaidi ya linavyokumbukwa.

Hata hivyo mpango wa elimu wa Kiungani ulikuwa na ufa. Walioonekana wepesi wa kusoma walibakizwa chuoni kuandaliwa kwa ualimu na upadri. Wengine walielekezwa kwenye useremala na uashi, tena mtihani wa vitabu ndio ulioamua. Mashaka yanabaki kama uamuzi huo ulikuwa sawa, kwa maana Kanisa Kuu la misheni huko Mkunazini, mjini Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa, lisingesimama bila waashi.

Matunda ya darasani nayo hayakuwa haba. John Swedi, mmoja wa watoto wa mwanzo, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyepitia utumwa, akawa padri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo, na kwa miaka kadhaa aliongoza kazi ya Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo. Yohanna Abdallah, padri wa Unangu nchini Msumbiji, alikusanya historia ya Wayao na kuiandika kwa Kiyao. Kitabu kilichapwa mwaka 1919, na hadi leo watafiti hawawezi kukipita. Ndani yake padri na mwanahistoria ni mtu mmoja, anayewaandikia watu wake kwa lugha yao.

Mwaka 1925 chuo kilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe, kikaendelea kutoa walimu. Mafunzo ya mapadri yalikuwa yameshapewa chuo chake, cha Mtakatifu Marko, kilichoanzia Mazizini. Mwalimu na padri, waliokuwa wakisomea chini ya paa moja, kuanzia hapo wakaandaliwa kila mmoja kivyake.