Karani na Siri ya Hazina

Mtumishi wa serikali hufungwa na ahadi mbili. Ya kwanza huiapa kwa ulimi, nayo ni kutunza siri za kazi. Ya pili huiingia kwa kupokea mshahara utokao katika kodi za raia, nayo ni uaminifu kwa mali yao. Mara nyingi ahadi hizi hukaa pamoja kwa amani. Lakini historia ya Kenya yaonyesha lipatikanalo zinapogongana.

Mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg International ilipewa haki ya pekee ya kuuza nje dhahabu na almasi za Kenya, kwa ahadi ya fidia ya asilimia 35 badala ya 20 iliyokuwa kawaida. Kumbe nchi haikuwa na migodi ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa haba. Hazina ikawa yalipia biashara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya makaratasi tu.

David Sadera Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu, aliziona hati za malipo hayo. Kwa mkono wake nakala ziliwafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 jambo likafunuliwa. Yeye alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali ya 1968. Hakutiwa hatiani, lakini kazi yake ilipotea. Mwaka 2004 alituzwa na shirika la Transparency International. Mwaka 2006 akafariki katika ufukara.

Wako wasemao kwamba kila karani akijichagulia siri ya kutoa, ofisi hazitatawalika. Hoja hii ina uzito. Lakini siri ya serikali imewekwa ili kumkinga raia na adui. Haikuwekwa ili kumficha mwizi asionwe na mwenye mali. Tena, karani akosaye mlango wa halali wa kubisha atapita dirishani, au atanyamaza. Marekani ililitambua hili mapema: Julai 1778 Bunge lake liliamua kwamba ni wajibu wa kila aliye katika utumishi wa nchi kutoa habari za udanganyifu upesi, kisha likawalipia gharama za wakili mabaharia wawili walioshtakiwa kwa kusema.

Kenya nayo ilitunga sheria mwaka 2003: moja ikamtaka mtumishi kuripoti amri isiyo ya haki, nyingine ikamkinga mtoa habari za rushwa. Zilikuja miaka kumi baada ya Munyakei kukamatwa. Ndipo ionekanavyo kwamba wajibu usio na kinga hauwi sheria ya wote. Huwa mzigo wa mashujaa wachache, na dola iwategemeayo hao peke yao haijaijengea hazina yake mlinzi.