Jiwe Linapovaa Majani: Historia Nyingine ya Lava za Goma

Mtu wa Goma akiulizwa historia ya mji wake, anahesabu kwa volkano. Fulani alizaliwa mwaka wa volkano ya 1977, fulani alioa kabla ya ile ya 2002, nyumba ya fulani ilijengwa nyuma ya ile ya 2021. Tarehe zenyewe tunazijua kwa kichwa: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, tarehe 22 Mei 2021. Moto ndio kalenda yetu. Lakini moto wa Nyiragongo unadumu siku chache tu, kisha jiwe linabaki miaka mingi, na juu ya jiwe hilo kunaanza kazi nyingine ya polepole ambayo hakuna mtu anaiandikia tarehe. Katika kurasa hizi tunapenda kuongea juu ya kazi hiyo: namna vile vijani vidogo visivyo na mzizi wala ua vilitutengenezea udongo tunaolimia leo, na ju ya nini inafaa tuviache viote mu parseli zetu.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Vile vijani vifupi, laini kama kitambaa, vinavyofunika jiwe lenye ubaridi nyuma ya nyumba au mdomo wa tangi la maji ya mvua, Wafaransa wanaviita mousse. Vitabu vya Kiswahili vya Tanzania vinaandika kuvumwani, nasi tutatumia jina hilo, hata kama sokoni Virunga hakuna atakayekuelewa ukilitamka. Kuko pia ndugu yake wa rangi ya majivu, mkavu, mwenye matawi madogo kama povu iliyoganda juu ya lava. Huyu si mmea hasa. Ni kuvu na mwani walioungana kuishi pamoja, na wataalamu wanamwita likeni. Wengi wanachanganya hawa wawili, na si kosa kubwa, maana kazi yao ya kwanza inafanana.

Wazee wa Bwisha na wa Rwanda walisimulia kwamba roho za watu wema zinakwenda kukaa na Ryangombe juu ya Karisimbi, na za wabaya zinatupwa mu moto wa Nyiragongo. Katika simulizi hiyo mlima wetu ni mahali pa adhabu. Wazungu walipofika nao waliangalia moto tu. Mjerumani von Götzen alipanda Nyiragongo mwaka 1894, Haroun Tazieff akaona ziwa la lava ndani ya shimo mwaka 1948 na kulitangaza duniani. Ni hadithi nzuri, hatuzikatai. Ila zote zinaishia pale lava inapopoa, wakati kwa mkulima hapo njo mwanzo.

Aliyeangalia upande wa pili alikuwa mtaalamu wa mimea, Mbelgiji Jean Lebrun. Alifanya kazi katika Parki Albert (ndiyo Virunga ya leo) miaka ya 1937 na 1938, na mwaka 1960 kikatoka kitabu chake juu ya mimea ya nyanda za lava kaskazini ya ziwa Kivu. Eneo letu linafaa sana kwa somo hilo, maana lava zake zina umri unaojulikana. Kuko ile ya Rumoka ya mwaka 1912, kuko ile ya Nyamulagira iliyoanza 1938 na kushuka mpaka ziwani upande wa Sake, kuko ya 1948, na nyingine nyingi nyuma yake. Mtu anayetoka lava moja kwenda nyingine anatembea ndani ya miaka kama vile anafungua kurasa za kitabu. Kwenye ile mpya anakuta jiwe jeusi. Kwenye inayofuata jiwe limekuwa la kijivu, limefunikwa na likeni ambayo jina lake la kisayansi ni Stereocaulon. Halafu inakuja kuvumwani mu nyufa na mu vishimo, halafu majani ya jamii ya feni, halafu nyasi na vichaka, na mwisho miti. Mahali penye mvua nyingi kazi hiyo inakwenda mbio. Mahali pakavu inachelewa.

Utauliza: kijani kisicho na mzizi kinawezaje kushinda jiwe? Jibu ni maji na uvumilivu. Kuvumwani haina mizizi ya kunyonya chini, ina nyuzi nyembamba za kushikilia tu. Chakula chake na maji yake inavipata kwa majani yenyewe, kutoka mvua, umande na vumbi. Ikikauka haifi, inalala. Mvua ikirudi, ndani ya dakika chache inafungua majani na kuwa kijani tena. Katikati ya vijani hivyo vumbi linanaswa, majivu ya volkano yananaswa, mabaki ya wadudu na majani makavu yananaswa. Likeni nayo inatoa asidi nyepesi inayokula uso wa jiwe kidogo kidogo, na ile Stereocaulon ina uwezo zaidi: ndani ya vinundu vyake kunaishi vijidudu vinavyochukua azoti ya hewani na kuigeuza chakula cha mimea. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Lava ya Nyiragongo ina potasi na fosfori kwa wingi, lakini azoti haina. Bila hawa wadogo, jiwe lingekuwa kama gala lililojaa na kufungwa na kufuli.

Basi ule udongo mweusi ambao unatoa maharagi, viazi na mateke ya Kibumba na Rugari, na ambao watu wa nchi nzima wanatusifia, haukushuka na moto. Moto ulileta jiwe. Udongo ulitengenezwa nyuma, na waliofungua kazi ni hawa.

Gharama ya kukosa udongo Goma inaijua vizuri kuliko miji mingi. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi zaidi ya nusu milioni walipovuka mpaka kutoka Rwanda ndani ya siku chache, wengi walipangwa juu ya lava, Mugunga, Kibumba na kwingineko. Jiwe lilikuwa gumu, choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Kolera ikapita, na maelfu kwa maelfu wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, maji machafu ikiwa ya kwanza, lakini walioona siku zile wanakumbuka jembe na pioshi zikigonga jiwe na kurudi. Tena mji wetu hauna hata mto mmoja. Mvua inanyesha sana, lakini maji yanazama mu nyufa za lava na kupotea mpaka ziwani, nasi tunabaki na bidoni za manjano kichwani na juu ya chukudu. Mji wenye mvua na kiu kwa wakati mmoja, njo Goma hiyo.

Mwaka 2002 lava ilishuka kwa Munigi, ikakata uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Kanisa kubwa la Mtakatifu Yosefu liliharibika, na watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Watu walirudi jiwe likiwa bado na joto. Wakajenga juu yake nyumba za mbao, wakavunja mawe kwa nyundo na baramini, wakayapanga kuwa kuta za parseli. Kazi ile ilikuwa ya kishujaa na hatuna neno la kuipunguza. Na bustani nazo zilirudi kwa njia ile ile ya mikono: mama anatafuta kishimo kati ya mawe, anajaza udongo uliobebwa kwa mfuko, anatia takataka za jikoni na majivu, anapanda lengalenga, mateke, kamba ya marakuja inayopanda ukuta. Hii ni desturi yetu ya kweli ya kulima, ingawa hatujazoea kuiita desturi. Inafuata sheria ile ile ya kuvumwani, yaani kunasa kidogo kinachopita na kukishika.

Hapa ndipo tunasikitika kidogo. Siku hizi mtu akipata pesa, jambo la kwanza ni kupiga simenti parseli nzima. Jiwe lililoanza kuwa kijani linasuguliwa kwa brosi na maji ya sabuni, ati ni uchafu. Miaka ishirini ya kazi ya bure inaondoka asubuhi moja. Simenti haimezi maji. Mvua kubwa ikinyesha, maji yote ya parseli yanakwenda kwa jirani wa chini, naye anakwenda kulalamika kwa shefu wa avenyu. Tunaelewa kwamba njia ya mlangoni inafaa kuwa safi, maana kuvumwani yenye maji inateleza na mzee anaweza kuvunjika mguu. Mapito yasuguliwe. Lakini ukuta, kona ya nyuma na mawe yaliyo chini ya mavokado, yamemkosea nani?

Faida zenyewe si za kubahatisha. Kuvumwani inaweza kushika maji kupita uzito wake mara nyingi, na kuyaachilia polepole, hivyo mahali pake panabaki na ubaridi wakati jiwe tupu linachoma. Inashika vumbi, na kila mtu wa Goma anajua vumbi letu la kiangazi jinsi linavyoingia mpaka ndani ya sahani. Inazuia mvua isibebe udongo mdogo tulio nao. Mwaka 2023 kundi la watafiti wa nchi nyingi lilichapisha hesabu ya kuvumwani zinazoota juu ya udongo duniani: zinafunika kilometa mraba milioni 9.4 hivi, na udongo ulio chini yake umehifadhi kaboni tani bilioni 6.4 zaidi ya udongo ulio wazi. Ni wazi kwamba ukuta wa parseli moja ya Katindo hautabadilisha hali ya hewa ya dunia. Kwa hewa ya parseli yenyewe, hilo ni jambo lingine.

Kuko pia faida ya kuwa shahidi. Kwa sababu inakula kutoka hewani moja kwa moja, kuvumwani haiwezi kuficha ubaya wa hewa, na nchi nyingi wanaipima ili kujua machafuko ya viwanda. Sisi viwanda hatuna vingi, ila tuna mlima. Miaka ile ziwa la lava lilipowaka ndani ya Nyiragongo, tangu 2002 mpaka 2021, moshi wake wa salfa ulileta mvua ya asidi iliyounguza majani ya mashamba upande wa Rusayo. Mahali penye moshi mkali, hata hawa wavumilivu wanapungua.

Si sisi peke yetu tunaoishi na jambo hili. Huko Islandi, lava iliyotoka Laki mwaka 1783 mpaka leo imefunikwa na godoro nene la kuvumwani, na wageni wanakatazwa kulikanyaga, maana unyayo mmoja unachukua miaka mingi kupona. Ubaridi wa kule unachelewesha kazi. Sisi wenye joto na mvua tumebahatika. Japani, katika mji wa Kyoto, kuko hekalu linaloitwa Saihō-ji ambalo bustani yake ilipangwa mwaka 1339. Haikupangwa kuwa ya kuvumwani. Ilikosa kutunzwa muda mrefu, kuvumwani ikaingia yenyewe, na leo watu wanaandika barua kuomba nafasi ya kuingia. Mabwana wa simenti wangekwisha isugua zamani.

Anayetaka kuanza hahitaji pesa. Achague jiwe la lava lenye vishimo, upande usiochomwa na jua la mchana. Alioshe kwa maji matupu. Achukue kipande kidogo cha kuvumwani kutoka jiwe la parseli yake au la jirani kwa ruhusa (mu Parki ya Virunga hairuhusiwi kuchukua kitu), akikandamize juu ya jiwe lenye maji, akinyunyizie maji ya mvua kila siku kwa majuma kadhaa mpaka kishike. Asiweke sabuni, asiweke mbolea. Kuku wazuiwe, maana wanachakura kila kitu wakitafuta wadudu. Baadaye, kishimo kikiisha jaa udongo mweusi wa unene wa kidole, mbegu itakuja yenyewe na upepo, au mama ataweka ya kwake.

Jiwe la 2021 lilisimama Buhene, mlangoni mwa mji, baada ya kufunika vijiji vya Nyiragongo na kusababisha vifo zaidi ya 30. Barabara ya Rutshuru ilipitishwa juu yake, na wavunja mawe wanalifanyia kazi. Tangu 2022 mpaka mwanzo wa 2025 watu waliohamishwa na vita walilala Kanyaruchinya juu ya lava, na mahali penye miguu mingi hivyo hakuna kijani kinachoweza kushika. Lakini anayetoka hapo kwa mguu akishuka mpaka kwenye mawe ya 2002 yaliyoachwa bila kusuguliwa, karibu na uwanja wa ndege, ataona rangi inabadilika njiani: nyeusi, kijivu, halafu kijani mu nyufa, na hapa na pale feni moja imesimama ambapo hakuna aliyepanda.