Gurudumu la Trimu: Kutoka Uwanja wa Evere Hadi Mezani Nyumbani

Wengi wetu tukaao Brussels tunaijua Evere kwa mambo mawili: makaburi makubwa ya jiji, na NATO, ambayo makao yake makuu yalihamia huku kutoka Ufaransa mwaka 1967. Wachache wanakumbuka kwamba pale mpakani mwa Evere na Haren, kando ya barabara ya Léopold III, palikuwa na uwanja wa ndege miaka mingi kabla Zaventem haijajulikana. Majengo mapya ya NATO, yaliyohamiwa mwaka 1018 ukiongeza miaka elfu moja, yaani juzi tu 2018, yamesimama juu ya ardhi hiyo hiyo.

Wajerumani ndio waliojenga banda la Zeppelin hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alfajiri ya tarehe 7 Juni 1915 marubani wawili wa Kiingereza waliliunguza banda hilo pamoja na LZ 38, chombo kilichokuwa kimeipiga London mabomu wiki moja tu kabla. Vita vilipokwisha, uwanja ukageuka wa abiria, na shirika la Sabena, lililoundwa mwaka 1923, likaufanya nyumba yake.

Kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki na Kongo, tarehe ya kukumbuka ni 12 Februari 1925. Siku hiyo Edmond Thieffry, pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker, waliondoka hapo kwa ndege ya Handley Page yenye injini tatu, wakielekea Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Walifika tarehe 3 Aprili, baada ya siku 51. Thieffry mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ziwa Tanganyika mwaka 1929, na jina lake limebaki kwenye kituo cha metro cha Etterbeek ambacho wengi wetu hupita bila kuuliza alikuwa nani.

Katika siku hizo 51, saa za kuwa angani hasa zilikuwa kama 75. Hebu fikirini mikono ya marubani. Ndege haitulii: mafuta yanapungua, mzigo unasogea, mwendo unabadilika, na kila badiliko linataka kuinua pua ya ndege au kuiinamisha. Manahodha wetu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani. Jahazi likipakiwa vibaya, msukani atapigana na usukani kutoka Lamu hadi Unguja. Akipanga vizuri shehena na farumi, chombo kinashika njia chenyewe, naye anapata nafasi ya kunywa kahawa.

Katika ndege, kazi hiyo ya kusawazisha huitwa trimu. Mjerumani Anton Flettner ni mmoja wa walioipa njia: aliweka kibao kidogo kwenye ukingo wa nyuma wa usukani, ili nguvu ya maji au ya upepo yenyewe isaidie kuusukuma usukani mkubwa. Wazo hilo lilitumika melini na kwenye ndege pia. Ndani ya chumba cha rubani likaja kuonekana kama gurudumu dogo. Katika Cessna 172, ndege iliyowafundisha marubani wengi duniani, gurudumu hilo liko chini kidogo ya kidhibiti cha injini. Ukilizungusha kuelekea chini, pua inapanda. Kuelekea juu, pua inashuka. Likikaa sawasawa, rubani anaachia mkono na ndege inaendelea kama ilivyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kujifunza kuruka bila kupaa nako kuna historia yake. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, mwana wa mtengeneza vinanda, alitumia mivukuto na pampu za kinanda kuunda kisanduku kilichoyumba kama ndege, na katika Vita Kuu ya Pili marubani kwa maelfu walifundishwa ndani yake. Mwaka 1982 Microsoft ilitoa Flight Simulator yake ya kwanza, kazi ya Bruce Artwick, na simuleta ikaingia majumbani. Leo mtu anaweza kukaa ghorofani Evere usiku wa baridi, akaondoka Zaventem na kutua Kavumu karibu na Bukavu, au Kisauni pale Unguja, bila kuomba viza.

Kwa miaka mingi trimu ya nyumbani ilikuwa vitufe viwili tu vya kompyuta. Baadaye vikaja vifaa vyenye gurudumu la kushika, na hapo ndipo shida ya kurekebisha ilipoanza, kwa kuwa magurudumu haya ni ya namna mbili. La kwanza huiambia kompyuta mahali lilipo: robo, nusu, robo tatu. La pili halijui liko wapi. Kila hatua likizunguka, hupeleka mbofyo mmoja, kana kwamba umebonyeza kitufe. Gurudumu la Honeycomb Bravo, lililoingia sokoni mwaka 2020, ni la namna hii ya pili. Mbofyo ukiwa mkubwa mno, pua ya ndege inarukaruka kama ngalawa kwenye mkondo. Ukiwa mdogo mno, utazungusha hadi vidole vichoke.

Dawa yake ni kuhesabu, si kubahatisha. Zungusha trimu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku ukitazama alama yake, uhesabu ni mizunguko mingapi, kisha ulinganishe na ndege halisi unayoiga. Halafu badilisha ukubwa wa hatua ndani ya programu. Programu nyingine hukuruhusu kuweka hatua ndogo ukizungusha polepole na kubwa ukizungusha haraka. Mwisho ujaribu: ruka usawa mmoja, usiguse injini, shika pua kwa mkono mpaka mwendo utulie, ndipo uzungushe trimu kidogo kidogo.

Hapa wengi hukwama. Usukani wa mezani una springi inayourudisha katikati daima, lakini katika ndege halisi ni trimu inayoamua mahali ambapo usukani utatulia. Kwa hiyo nyumbani, kadiri unavyozungusha gurudumu, mkono nao lazima uuachie usukani pole pole urudi katikati. Anayezungusha huku amekaza mkono atailaumu mashine bure.

Lakini kuna kitu ambacho gurudumu la mezani halitoi, nacho ni uzito. Katika Boeing 737 magurudumu ya trimu ni mawili makubwa, kando ya magoti ya marubani, yenye mishikio ya kuchomoa, na nyaya zake zinakwenda hadi mkiani. Mwendo ukiwa mkali na mkia umeinama vibaya, upepo unaubana mkia huo hata mikono ya mtu haiwezi kulisogeza gurudumu.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, aina ya 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Mtambo uliopotoshwa na kipimo kibovu uliisukuma pua chini mara kwa mara. Marubani walikata umeme wa trimu, na ripoti ya awali ya Ethiopia ilieleza kwamba walijaribu gurudumu kwa mkono, lakini halikufanya kazi. Dakika sita tu baada ya kupaa, watu 157 walikuwa wamekufa, Wakenya zaidi ya 30 miongoni mwao. Siku mbili baadaye Ulaya iliifungia anga ndege hiyo, na Eurocontrol, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa ulipokuwa uwanja wa zamani, ni miongoni mwa waliosimamia kufungwa huko.

Mwezi Mei mwaka huo Boeing ilikiri kwamba programu ya simuleta za MAX haikuweza kuiga hali fulani za urukaji, ikasema imeirekebisha. Magazeti yakaeleza ni hali gani: ugumu wa kuzungusha gurudumu la trimu kwa mkono. Yaani simuleta za mamilioni ya dola, zenye vibali vyote, zilikuwa na gurudumu jepesi kuliko la kweli. Ulaya iliiruhusu MAX kuruka tena Januari 2021, kwa sharti kwamba marubani wafunzwe upya kwenye simuleta.

Basi tusiwacheke wale wanaokesha mezani wakihesabu mizunguko na kunung'unika kwamba gurudumu lao ni jepesi mno. Wao wakikosea, wanazima kompyuta na kwenda kulala. Swali lao, hata hivyo, ndilo lililopaswa kuulizwa mapema na wale waliotengeneza simuleta za kufundishia marubani wanaobeba mama zetu na watoto wetu kwenda Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam: je, mkono unaojifunza hapa utaukuta uzito huu huu angani?