Darini au Juu ya Bati?

Nimerudi kutoka nyumbani Tunduma, vumbi la malori bado liko shingoni. Huko nimekuta kesi.

Baba mdogo, fundi redio wa siku nyingi, anataka kuomba leseni TCRA aingie kwenye redio ya ridhaa, yaani wale wanaoongea na wenzao wa nchi za mbali kwa kujifunza na kujifurahisha, bila biashara. Ugomvi uko kwenye antena. Yeye anaitaka juu ya paa. Mama mdogo anataka ifichwe darini.

"Hapa mpakani, mwanangu," mama ananiambia. "Nakonde ile pale. Watu wakiona mlingoti watasema tunapeleleza, au tunawaongoza watu wa magendo."

Nikaambiwa niamue, eti mimi ndiye msomi. Nikaanza kuchimba historia.

Kumbe hofu ya mama ni ya zamani. Wajerumani walipoitawala nchi hii walijenga vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, milingoti hiyo ikawa shabaha. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza HMS Astraea iliishambulia Dar kwa sababu ya kituo chake. Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu kwenda kukibomoa cha Bukoba.

Sasa kwa nini Mjerumani hakuificha? Kwa sababu antena inataka kimo. Tarehe 12 Desemba 1901, Marconi akiwa Newfoundland akitafuta ishara kutoka Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki, alirusha tiara ili impandishie waya angani.

Turudi Tunduma. Nyumba zetu ni za bati, na bati huzuia mawimbi. Kuweka antena chini yake ni kama kuita mtu ukiwa ndani ya pipa. Darini kunafaa penye makuti au vigae vya udongo. Tena kwa masafa ya megahezi 7, waya wa nusu wimbi hufika kama mita 20. Nyumba ya baba mdogo haifiki hata 12.

Nikasema: nje.

"Na radi je?" mama akauliza. Hapo alinibana. Tukakubaliana waya ukae mbali na nyaya za umeme, uwe na waya wa ardhi, na mawingu yakianza kujikusanya redio ichomolewe mapema. Kuhusu maneno ya watu, leseni itangulie, kisha mwenyekiti wa mtaa na majirani waitwe waone na wasikilize wenyewe. Kilichofichwa darini siku kikigundulika, utamweleza nani akuelewe?

Baba mdogo ameshaanza kupima uwanja. Mama mdogo bado amenuna, ila jana kapiga simu kuuliza hao majirani wakija wataandaliwa chai ya rangi au ya maziwa.