Ufito, Tao na Taruma: Istilahi za Maumbo Yaliyopinda

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, katika mwambao wa Ziwa Nyasa ambao leo umo katika Mkoa wa Ruvuma. Meli hiyo ilishambuliwa ikashindwa kufanya kazi. Habari za tukio hilo zimekwisha kuelezwa na wanahistoria. Makala haya yanahusu umbo la meli za namna hiyo, na maneno tunayoyahitaji ili kulieleza.

Hermann von Wissmann ilianza kazi ziwani mwaka 1893, baada ya vipande vyake kuletwa kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Meli ya misheni, Chauncy Maples, nayo ilitengenezwa Glasgow mwaka 1899 katika vipande 3,481, ikaunganishwa Afrika na kushushwa majini mwaka 1901. Mtumbwi wa ziwani huchongwa katika gogo moja, na jicho la mchongaji ndilo kipimo chake. Lakini bamba la chuma lililopindwa Ulaya lilipaswa kukutana barabara na bamba jirani yake maelfu ya maili kutoka kiwandani. Je, usahihi huo ulipatikanaje?

Haukutoka katika michoro peke yake. Mchoro wa meli ulikuwa mdogo, na unene wa wino tu, ukikuzwa kufikia kipimo halisi, huwa kosa kubwa. Kwa hiyo mafundi waliichora meli upya, kwa ukubwa wake kamili, juu ya sakafu pana. Walipigilia misumari penye vipimo, wakapitisha ubao mwembamba unaopindika. Palipotokea kibonge au kishimo, walisogeza vipimo kidogo hata ubao ukatulia bila kulazimishwa. Hapo ndipo mataruma yalipopatiwa umbo lake.

Mtu anayetaka leo kuijenga upya meli ya zamani katika kompyuta hukutana na tatizo lile lile. Karatasi imenywea, na mchoro wa ubavuni haupatani na ule wa juu. Akinakili kila nukta kama ilivyo, atapata meli yenye mabonde. Hana budi kuirudia kazi ya sakafuni.

Hapa ndipo mfasiri anapokwama. Wengi huuita kila mstari uliopinda “tao”. Lakini katika hisabati tao ni sehemu ya duara, na mpindo wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Mstari wa ubavu wa meli hubadilika mpindo hatua kwa hatua. Fundi akielekezwa kuunga matao, mwanga utaonyesha kila kiungo juu ya bamba. Vivyo hivyo kitenzi “kunyoosha”, kikitumiwa kwa kazi ya kusahihisha mpindo, humwamuru msomaji auondoe mpindo wenyewe.

Yafaa tujifunze kutoka kwa historia. Waingereza waliuita ubao ule wa sakafuni splaini. Mwaka 1946 mwanahisabati Isaac Schoenberg alilitumia jina hilo kwa mistari ya hesabu yenye tabia kama hiyo, na programu za kuchorea zikalirithi. Neno la karakana likawa neno la kompyuta. Sisi tunalo “ufito”, kijiti chembamba kinachopindika, kijulikanacho na kila aliyewahi kujenga nyumba ya miti na udongo. Napendekeza basi: ufito kwa mstari huo wa hesabu, tao libaki la duara, kulainisha mpindo kwa kazi ya kusahihisha, na mkuku na taruma, maneno ya waunda majahazi wa pwani, yatumike hata kwa meli za chuma.

Pengine itasemwa kwamba ufito ni kitu cha porini, haufai kompyuta. Lakini dirisha na kipanya vimekwisha kuingia humo bila kumchanganya mtu. Mapendekezo haya hayajasanifiwa. Yanaletwa kwa wasomaji, hasa walimu wa ufundi, ili yajadiliwe. Istilahi isiyopita mikononi mwa fundi ni kama mchoro ambao haujafika sakafuni.