Askari wa Posta na Mpagazi wa Kariakoo: Kumbukumbu Mbili za Vita Moja



Mtu atokaye Posta kwa miguu kuelekea Kariakoo hupita kati ya kumbukumbu mbili za Vita Kuu ya 1914–1918. Ya kwanza ni ya shaba: sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 katika barabara tuiitayo leo Samora. Ya pili ni neno tu. Kariakoo ni utohozi wa jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambacho Waingereza walikipa kambi mahali hapo baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Hoja yangu ni kwamba swali la namna wakongwe wa vita walivyouona utumishi wao halina jibu moja. Jibu lilitegemea, kwanza kabisa, kile ambacho mtu alipewa kubeba: bunduki au mzigo.

Tuanze na mwenye bunduki. Michelle Moyd, katika utafiti wake wa mwaka 2014 kuhusu askari wa jeshi la Wajerumani, ameonyesha kwamba wengi wao walitafuta jeshini mali, kaya na heshima ya ukubwa. Baadhi yao walifuatana na Lettow-Vorbeck hadi aliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi ilitoa fedha za kuwalipa askari wazee waliokuwa hai. Kwa mtu wa namna hiyo utumishi ulikuwa cheo, na cheo hicho kilitambuliwa hata uzeeni.

Mpagazi alikuwa na habari nyingine. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara damu, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Aliyerudi nyumbani hakuwa na ushujaa wa kusimulia. Alikuwa na msiba.

Hata hivyo, tusidhani kwamba wenye bunduki walikuwa na moyo mmoja. Tutazame jamaa moja mashuhuri ya mji huu. Sykes Mbuwane aliletwa kutoka Msumbiji kuwa askari wa Wissmann. Mwanawe, Kleist Sykes, alipigana upande wa Wajerumani, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Wajukuu, Abdulwahid na Ally, walivaa sare ya Mwingereza, ile ya keya, wakapelekwa Burma katika Vita vya Pili. Mohamed Said ameandika kwamba askari wa Tanganyika, wakingoja kurejeshwa nyumbani mwaka 1945, walizungumzia kuunda chama cha siasa wakiwa kambini nje ya Bombay. Babu alitumika kuisimamisha dola ya kikoloni. Wajukuu walirudi kutoka utumishini wakasaidia kuing'oa, wakiwa katika TANU iliyozaliwa mwaka 1954.

Turudi kwenye sanamu. Maandishi yake, yaliyomo pia kwa Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba afaye kwa ajili ya nchi yake atakumbukwa jina na wanawe. Lakini juu ya jiwe hilo hakuna jina la mpagazi hata mmoja. Vilevile, sanamu ya Nairobi ina mpagazi pamoja na askari. Yetu ina askari peke yake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Hapa ndipo penye kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha. Sauti ya askari imehifadhiwa katika daftari za mishahara na kumbukumbu za maofisa. Ya mpagazi imo katika masimulizi ya wajukuu na katika majina ya mitaa. Anayekusanya ya kwanza akaiacha ya pili ataandika historia ya fahari tu, na atadhani ameandika historia ya vita.