Siku sheria inapoota meno

Tarehe 10 Juni 1767 wafanyabiashara fulani walipeleka mchele ng'ambo bila kulipa ushuru, kwa sababu hapakuwa na sheria iliyoudai. Siku 19 baadaye Mfalme wa Uingereza akaridhia sheria ya kutoza ushuru mchele unaouzwa nje, na wao wakadaiwa. Walikata rufaa hadi Bunge la Malodi, na mwaka 1772 wakashindwa.

Kwa kanuni ya zama hizo, sheria isiyotaja siku yake ya kuanza ilihesabiwa kuwa imeanza siku ya kwanza ya kikao cha Bunge kilichoipitisha, hata kama kikao kilifunguliwa miezi mingi nyuma. Kikao kizima, machoni pa majaji, kilikuwa siku moja! Dhuluma hiyo iliyovikwa joho ilidumu hadi 1793, Bunge lilipomwagiza karani wake aandike juu ya kila sheria tarehe iliporidhiwa, na sheria ianzie hapo.

Marekani ilikuwa imeshatangulia kwa hatua moja. Katiba yake ya 1787 iliyakataza majimbo kutunga sheria za kurudi nyuma, ingawa mwaka 1798, katika kesi ya Calder na Bull, Mahakama ya Juu ilisema katazo hilo linahusu jinai tu. Lakini sheria mpya ingoje siku ngapi kabla ya kumbana raia? Hilo kila jimbo liliamua lenyewe.

Katiba ya Texas ya 1876 inataka siku 90 zipite baada ya kikao kufungwa, ila pale theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila baraza la bunge wanapoamua vinginevyo. Bajeti haifungwi na sharti hilo. Kwa kuwa kikao cha kawaida huanza Januari ya miaka witiri na hakizidi siku 140, hesabu hiyo huangukia mwishoni mwa Agosti, ndiyo maana sheria nyingi za huko hupangiwa kuanza Septemba 1, siku mwaka wa fedha unapoanza.

Kisha yakaja mageuzi yaliyozipa siku za kungoja kazi mpya. South Dakota mwaka 1898, Oregon 1902 na California 1911 ziliwapa wananchi haki ya kuipinga sheria iliyopitishwa: wakusanye saini za kutosha, ipelekwe kwenye kura ya maoni. Saini hazikusanywi kwa usiku mmoja, kwa hiyo siku 90 zikawa muda wa raia kusema hapana. Hadi leo, sheria ya kawaida ya California hungoja siku 90, kisha huanza Januari mosi inayofuata.

Wanasiasa hawakukosa mlango wa nyuma. Sheria zilizotajwa kuwa za lazima kwa amani, afya au usalama wa umma ziliruhusiwa kuanza mara moja, bila kungoja saini, na wabunge wakaanza kuona dharura hata mahali ambapo mtu mwingine asingeiona. California iliweka kizuizi cha theluthi mbili ya kura. Oregon ilikwenda mbali zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyopatia: katiba yake inalikataza bunge kutangaza dharura katika sheria yoyote ya kodi.